Sauti Nzito: Ngoma za Burundi na Magitaa ya Stockholm

Mji wa Rumonge, ulio kandokando ya Ziwa Tanganyika, kilometa zaidi ya 70 kusini ya Bujumbura, una sauti zake zinazojulikana na kila aliyelala huko usiku mmoja. Jioni husikika injini za mashua zinazoelekea ziwani kuvua dagaa kwa taa. Alfajiri huja adhana, kisha zogo la sokoni, ambako Kirundi na Kiswahili hupokezana katika bei ya mukeke na mafuta ya mawese. Siku ya harusi au ya sikukuu ya taifa hupandishwa zile ngoma kubwa zenye asili ya milimani, na mtu aliye mbali ufukweni huzihisi kifuani kabla hajazisikia vema masikioni.

Siku hizi simu ya kijana imeleta nyumbani sauti za dunia nzima, na miongoni mwake umo muziki ambao mzazi akiusikia kwa mara ya kwanza hudhani chombo kimeharibika. Magitaa hukwaruza kama msumeno wa mashine unaopasua gogo. Ngoma hukimbia kama mvua ya mawe juu ya bati. Na mwimbaji haimbi bali hunguruma. Wenyewe huuita deth metali, yaani muziki wa chuma na mauti. Amri ya kwanza ya baba ni "Zima kelele hizo!" Si neno la kumlaumu. Walakini neno hilo hilo lilipata kutamkwa na wageni waliozisikia ngoma za Burundi, na kwa sababu hiyo yafaa kutazama kwa utulivu jinsi sauti nzito inavyotengenezwa, na nani hufaidika nayo.

KISANDUKU KUTOKA JAPANI

Mwezi wa Desemba 1989, vijana wachache wa Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amefikia umri wa miaka 20, waliingia katika studio ndogo iitwayo Sunlight. Kundi lao liliitwa Entombed. Mwenye studio, Tomas Skogsberg, ndiye aliyesimamia kazi. Santuri waliyoitoa mwaka 1990, kwa kampuni ya Kiingereza ya Earache, iliitwa Left Hand Path, na hadi leo wapenzi wa muziki huo huitaja kama mama wa sauti yote ya Sweden.

Siri ya sauti hiyo haikuwa gitaa la thamani. Ilikuwa kisanduku cheusi cha kukanyaga kwa mguu, kilichobuniwa na kampuni ya Boss ya Japani mwaka 1983, kwa alama ya HM-2. Kisanduku hicho hupokea sauti safi ya gitaa na kuichafua kwa nguvu ya umeme. Kina vifundo vinne. Aliyekibuni alitaraji kwamba mtu mwenye busara angevigeuza kidogo kidogo, hiki kwa kiasi na kile kwa kiasi, hata apate anachotaka. Vijana wale wakavizungusha vyote vinne mpaka mwisho. Tena walikuwa wamelegeza nyuzi za magitaa yao, zikashuka chini sana kuliko kawaida. Kilichotoka ndicho kile kinachofananishwa hadi leo na msumeno wa mashine. Kampuni iliacha kukitengeneza kisanduku hicho mwaka 1991, lakini watu waliendelea kukitafuta kwa miaka mingi, hata mwaka 2021 ikabidi kitengenezwe tena.

Mwimbaji wao, Lars-Göran Petrov, aliyefariki dunia mwezi wa Machi 2021, hakuwa akipiga kelele ovyo. Mngurumo wa namna ile hutikisa nyama zilizo juu ya nyuzi za sauti kooni, na asiyejifunza akijaribu kwa fujo huumia. Sauti ya binadamu hupoteza tuni yake ikabaki upepo na mkwaruzo. Jambo hili la kuondoa tuni kooni lishikwe vema, kwa kuwa litarudi tena kwa namna isiyotazamiwa katika Burundi.

INGOMA BILA MFALME

Miaka 22 kabla ya vijana wale kuingia studio, Mfaransa Michel Vuylsteke alikuwa Burundi na mashine ya kunasia sauti. Ulikuwa mwaka 1967. Alichokinasa kilitolewa mwaka uliofuata na Ocora, chapa ya santuri ya redio ya Ufaransa, kwa jina la Musique du Burundi, yaani Muziki wa Burundi. Miongoni mwa yaliyomo ni kundi la wapiga ngoma wapatao 25.

Wakati wenyewe ulikuwa wa pekee. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma ya kupigwa, na ufalme. Ngoma kuu iliyoitwa Karyenda ilikuwa alama ya enzi ya mwami, hata ikachorwa katikati ya bendera ya ufalme. Zilipigwa na watu wa koo maalumu, katika mambo ya mfalme, hasa sherehe ya Umuganuro, pale mtama mpya ulipobarikiwa. Mwezi wa Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero aliuondoa ufalme na kutangaza jamhuri, na ngoma ikatolewa katika bendera. Kwa hiyo wanaume wale waliosikika katika santuri ya 1967 walikuwa wakipiga ngoma za mfalme katika nchi isiyo na mfalme tena.

Uzito wa sauti yao hautoki katika umeme. Gogo la mti uitwao umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma ivume, huchimbwa ndani hata likabaki pipa nene, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti. Ngoma iitwayo inkiranya husimama katikati, nayo ndiyo inayoongoza. Zile ziitwazo amashako hushika mdundo mmoja usiokatika, kama mwendo wa askari katika gwaride. Ibishikizo nazo huifuata inkiranya inakokwenda. Wapigaji huingia uwanjani wakiwa wamejitwika ngoma zao vichwani, huku wakizipiga. Askari yeyote aliyepata kubeba mzigo mzito huku akitakiwa asikose hatua ataelewa ni kazi ya namna gani.

Anayesikiliza kwa makini atatambua kwamba kinachotisha hasa si kishindo chenyewe. Ni wingi wa mikono inayotua kwa nukta moja, halafu kimya kifupi, halafu kutua tena. Vijana wa Stockholm walipata uzito kwa kujaza kila nafasi. Ngoma za Burundi huupata kwa kuacha nafasi. Kwa sikio la makala haya, njia ya Burundi ndiyo ngumu zaidi.

FEDHA ZILIKWENDA WAPI?

Mwaka 1971 mpanga-muziki mmoja wa Ufaransa, Michel Bernholc, aliuchukua mpigo wa ngoma zile kutoka katika santuri ya Ocora, akaongeza piano na magitaa, akautoa kwa jina la Burundi Black. Yeye mwenyewe alijiita Mike Steiphenson. Santuri hiyo ilifika nafasi ya 31 katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, aliziweka ngoma hizo hizo chini ya wimbo wake mmoja katika santuri ya The Hissing of Summer Lawns. Wengi huutaja wimbo huo miongoni mwa ya kwanza kabisa kujengwa juu ya kipande cha sauti kilichokatwa kutoka katika santuri nyingine. Mwaka 1980 kundi la Kiingereza la Adam and the Ants likaweka wapiga ngoma wawili badala ya mmoja, likiuiga mpigo wa Burundi, na kwa mpigo huo likapanda hadi kileleni mwa mauzo. Magazeti ya Ulaya yakazungumzia "mpigo wa Burundi" kana kwamba ni mtindo wa kofia.

Mwaka 1981 mwandishi wa muziki wa Marekani, Robert Palmer, aligusa donda lenyewe alipoandika kwamba haki za Burundi Black zilikuwa mikononi mwa Mfaransa yule, na kwamba yaelekea Warundi waliopiga ngoma hawakuwa wakigawiwa chochote. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walialikwa Uingereza katika tamasha la kwanza la WOMAD, na hapo angalau walionekana kwa macho. Ngozi, gogo na jasho vilikuwa vya Burundi muda wote huo.

Haidaiwi hapa kwamba vijana wa Stockholm walijifunza kwa wapiga ngoma wa Burundi. Hakuna mnyororo wa namna hiyo. Tofauti iliyopo ni ya karatasi: majina ya vijana wa Entombed yameandikwa juu ya kazi yao, na kila mpenzi wa santuri ile huyajua, wapiga ngoma 25 walijulikana duniani kwa jina la nchi tu.

Baadaye serikali ya Burundi iliingilia jambo hili kwa namna yake. Mwaka 2005 ilitungwa sheria ya kulinda haki za watunzi, na mwaka 2016 nchi ikajiunga na Mkataba wa Berne unaolinda kazi za watunzi kati ya mataifa. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo wa ngoma za kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu. Kisha, mwezi wa Oktoba 2017, Rais Pierre Nkurunziza alitia sahihi amri iliyotaka vikundi viandikishwe, kibali kiombwe, na ada ilipwe katika hazina kwa maonyesho ya watu binafsi. Amri hiyo hiyo iliwakataza wanawake kuzipiga ngoma. Jambo la mwisho lilizusha maneno mengi, kwa sababu walikuwapo wanawake waliokwisha zishika fimbo na kuzijua. Waliolitetea walisema ndiyo mila. Lakini mila ile ile ilikuwa imekataza ngoma ya mwami kupigwa kwenye harusi na kwenye uwanja wa mpira, na hayo yalikuwa yamezoeleka.

MNONG'ONO

Ulaya ilichukua ngoma. Katika santuri ile ile ya 1968 kulikuwa na sauti nyingine, ambayo hakuna kundi la roki lililoigusa, nayo huenda ndiyo ya ajabu kupita zote: mwanamume anayenong'ona huku akipiga inanga.

Inanga ni ubao mnene uliochongwa na kutiwa bonde kama mtumbwi mdogo, wenye urefu unaokaribia mita moja. Kamba moja hupitishwa kwenye meno ya ncha zake, ikienda na kurudi hata zikapatikana nyuzi nane au zaidi, zenye mlio wa chini sana. Mpigaji huketi, akaweka inanga mbele yake, na badala ya kuimba hunong'ona hadithi: habari za vita, za mfalme, za ng'ombe, za msiba.

Hapa ndipo lile la kuondoa tuni kooni linaporudi. Mtu anaponong'ona, nyuzi za sauti hazitikisiki. Hupita pumzi tupu, na pumzi haina tuni. Lakini Kirundi ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno. Mnong'ono ungeweza basi kuleta utata. Mpigaji huziba pengo hilo kwa vidole: nyuzi za inanga hupanda na kushuka kwa kufuata maneno yalivyopaswa kupanda na kushuka. Msikilizaji huchanganya vitu viwili kichwani mwake, akaamini kwamba mnong'ono wenyewe una tuni. Mtafiti Cornelia Fales alilichambua jambo hili katika makala yake ya mwaka 2002, akaonyesha kwamba tuni ile anayoisikia mtu mdomoni mwa mnong'onaji kwa kweli imetoka katika ubao.

Ndivyo ilivyo kwamba mzee wa inanga na kijana wa Stockholm, wasiojuana wala kusikilizana, wamefanya jambo la jamaa moja. Wote wawili wameinyang'anya koo tuni yake na kuikabidhi chombo. Mmoja amekwenda kwenye kelele kuu, mwingine kwenye utulivu mkuu.

Koo la kunguruma, kwa njia, limekwisha kufika Afrika Mashariki. Vijana wawili wa Nairobi waliojiita Duma, neno la Kikikuyu lenye maana ya giza, walitoa santuri yao mwaka 2020 kwa kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mmoja wao, Martin Kanja, aliyejiita Lord Spikeheart, akatoa nyingine peke yake mwaka 2024, kwa heshima ya bibi mzaa babu zake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekuwa na cheo cha fildimasha katika vita vya Mau Mau na aliyefariki mwaka 2023. Kwa hiyo mngurumo ule unaweza pia kubeba historia ya msituni. Mzazi auulize maana kabla ya kuuzima.

SALAMU ZA WANAWAKE

Ingekuwa makosa kuiacha santuri ya 1968 bila kuwataja wanawake, waliosikika humo kwa sauti isiyo na chombo chochote. Akazehe ni salamu ya kuimbwa. Wanawake wawili wanapokutana baada ya kuachana muda, hukumbatiana, mmoja akaanza na mwenzake akapokea. Silabi za huyu huingia katika mianya ya silabi za yule, kama vidole vya mikono miwili vinapofumbatana. Huulizana habari za mume, watoto, mifugo, shamba, na huenda ikachukua dakika kadhaa kabla hawajaachiana. Ni ya wanawake peke yao. Upo pia mchezo uitwao ubuhuha, ambapo mwanamke hukutanisha viganja mdomoni na kupuliza, hata mikono ikalia kama tarumbeta.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika una sababu yake ya kuzithamini sauti za mwaka 1967. Mwishoni mwa Aprili 1972 machafuko yalizuka katika sehemu hizo hizo za Rumonge na Nyanza-Lac. Kukafuata mauaji makubwa nchini, na maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka na ziwa kwenda Tanzania. Wengi walikaa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miaka 30. Waliorudi walirudi na watoto waliozaliwa huko, wenye Kiswahili fasaha na Kirundi cha kusikia kwa wazazi. Salamu ya dakika nyingi haifundishwi darasani. Hupatikana mlangoni kwa bibi, na pale familia zilipotawanyika mlango huo ulikosekana. Sauti zilizonaswa miaka mitano kabla ya kutawanyika huko zina kazi katika nyumba za mwambao kuliko katika maktaba za Paris.

SIMU ILIYO NYUMBANI

Mashine aliyobeba Mfaransa yule mwaka 1967 ilikuwa mzigo. Leo simu ya kawaida hunasa sauti vya kutosha, na familia yenye mzee ajuaye inanga au bibi ajuaye akazehe haina haja ya kumngoja mgeni. Yafaa tu kujua mambo machache ya kazi hiyo.

Kwa inanga, simu isiwekwe mbele ya mdomo wa mpigaji. Mnong'ono ukiwa karibu mno hugeuka upepo mtupu, na nyuzi hupotea. Iwekwe kando, mahali ambapo ubao na mdomo vinasikika sawasawa, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isitetemeshe. Chumba chenye mikeka na mapazia ni bora kuliko ukumbi mtupu. Alasiri ni wakati mzuri kuliko jioni, kwa kuwa injini za mashua huwa hazijawashwa. Kwa ngoma hali ni kinyume: anayenasa arudi nyuma hatua nyingi, la sivyo kipaza sauti kidogo cha simu kitazidiwa na kutoa mkwaruzo, na mkwaruzo huo hautakuwa ule wa makusudi wa Stockholm. Kwa akazehe, simu iwe usawa wa mabega ya wale wawili wanaokumbatiana, kati yao, maana asikike anayeanza na anayepokea pia.

Kabla ya kuanza, mpigaji aombwe ruhusa na aelezwe sauti itakwenda wapi. Kisha mtu atamke ndani ya simu jina kamili la mpigaji, la kijiji, na tarehe, ili maneno hayo yabaki yameshikamana na muziki wenyewe hata ukipelekwa kutoka simu hadi simu. Na kama wimbo ni utungo wake mwenyewe, ipo ofisi ya haki za watunzi ya Burundi, ifahamikayo kwa herufi OBDA, ambako utungo huandikishwa kwa jina la aliyeutunga.